Mshono wa Winifred Ulikuwa Umenyooka

Peace, hiyo simu isogeze huko, usiniwekee mdomoni kama kijiko cha dawa, sauti yangu bado inafika barabarani nikitaka. Wiki nzima mmenikalia kitandani, mama tueleze, mama daktari alikukataza kupanda mlima, kwa nini ulipanda, kana kwamba mtu anayekufa kwa uzee hana kazi nyingine ila kutoa maelezo. Nilidhani mtaniuliza habari ya nyumba, maana hiyo ndiyo inayowawasha, na wewe Kalisa usiinamishe kichwa, nimekuzaa mimi, nakujua. Haya. Nitasema mara moja, nitasema yote, na nyumba itaingia humohumo, kwa sababu mambo haya mawili hayatengani. Zimeni televisheni. Tegeni masikio, na asinikatize mtu kwa machozi. Anayetaka kulia atoke akalie kwa majirani.

Mnajua nilirudi kutoka Karagwe na watoto watatu na cherehani moja, nikafungua chumba cha mbele cha nyumba hii hapa Kabeza nikaanza kushona. Shule niliishia darasa la pili. Namba zote ninazozijua nilizisoma kwenye tepu ya kupimia nguo. Lakini jicho nilikuwa nalo. Nilikuwa natazama gauni likipita barabarani kwenye mwili wa mtu, nakwambia bega la kulia limeshuka nusu sentimita, na ukipima unakuta ni nusu sentimita. Watu waliniogopa kwa jicho hilo, nami nililipenda kuliko nilivyowapenda ninyi, nisiwadanganye.

Kisha ndugu yenu Gakwaya akamleta Winifred, msichana aliyekulia Uganda, mpole, mwenye vidole virefu. Gakwaya lori likamkuta kwenye moto, pikipiki yake, tukamzika, na Winifred angeweza kurudi kwao, umri ulimruhusu na sura ilimruhusu, lakini alibaki na mimi, yeye na mtoto wake Kaze. Tulikaa miaka tukitazamana, cherehani kwa cherehani, mshono nikiuanza mimi anaumaliza yeye na mteja asijue mkono mmoja umeishia wapi. Alikuwa ananipita. Sikumwambia hata siku moja. Nilimwambia tu asile karanga karibu na kitambaa cheupe.

Basi miaka minne iliyopita, Pasaka ikikaribia, kwaya ya Kagarama wakatuletea kazi: magauni ishirini na mawili ya zambarau, kila moja na utepe mweupe unaoshuka wima mbele, kutoka shingoni mpaka kwenye pindo. Nilikata mimi, tepe akashona Winifred. Siku ya kupima wakaja wanakwaya kama kumi hivi, wamejaa pale mlangoni na vicheko vyao, nami nikalitundika gauni la kwanza ukutani nikarudi nyuma kulitazama. Utepe ulikuwa umepinda. Ulishuka vizuri mpaka tumboni, pale katikati ukajikunja, kisha ukanyooka tena. Nikatundika la pili, hivyohivyo. La tatu, hivyohivyo.

"Winifred," nikasema, "hiki ni nini?"

"Ni utepe, Mama."

"Utepe au nyoka?"

Wakacheka. Yeye hakucheka wala hakununa. Alichukua rula ya chuma, ile ndefu ya mita nzima, akailaza juu ya utepe, akaniita kwa adabu, "Tazama Mama, haujatoka hata unywele." Nikainama kutazama. Wanangu, rula yenyewe ilikuwa imepinda. Chuma kile nilichokitumia miaka ishirini kilikuwa na kibonde katikati kama godoro la mgonjwa. Mwenye akili angejiuliza hapohapo. Mimi nikanyanyua kichwa nikamwambia, "Kumbe hata rula umeipinda, ifanane na kazi yako."

Hapo wanakwaya walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na mimi nikicheza mbele ya watu huwa sijui kusimama, hilo mnalijua. Nikasema mbele yao wote kwamba mikono yake imelegea kwa sababu ya wanaume, kwamba jina la mwanangu analikokota matopeni, na kwamba nimechoka kumlisha malaya chini ya bati langu. Hapakuwa na mwanaume. Hata mmoja. Nililitafuta neno litakalokata, nikalipata, nikakata nalo.

Winifred aliiweka rula mezani. Aliiweka polepole, sambamba na ukingo wa meza, ndiyo tabia yake. Akaingia ndani akatoka na begi moja na Kaze mkononi, mtoto ana miaka tisa, hata viatu hajafunga kamba.

"Bibi, tunaenda wapi?" Kaze akaniuliza.

"Muulize mama yako," nikamjibu.

Hayo mnayajua nusunusu. Mlisikia tuligombana kwa sababu ya kazi mbovu, na mlikaa upande wangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye nyumba. Sasa sikilizeni lile ambalo sikumwambia padri wala daktari.

Nilichukua wembe nikafumua tepe zote ishirini na mbili, nikazishona upya mpaka zikanyooka machoni mwangu. Siku ya tatu akaja kiongozi wa kwaya, yule Habumugisha mwenye shati la mikono mifupi, mtu wa heshima. Alizungukazunguka maneno, akasifu rangi, akasifu vifungo, mwishowe akasema, "Mama, usinielewe vibaya, haya yameegemea upande. Yale ya kwanza, ya yule binti, yalikuwa yamenyooka." Nikamwambia macho yake yamechoka na vitabu vya nyimbo. Akachukua magauni yake akaenda, na Pasaka ile kwaya ya Kagarama iliimba ikiwa na nyoka ishirini na wawili vifuani.

Alipotoka, nikabaki nimesimama nikitazama mlango. Mwimo wa mlango ulikuwa umepinda katikati, kwenye usawa uleule. Nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Mwimo ukanyooka. Nikafunika la kulia. Ukapinda. Nikafanya hivyo mara nne, wanangu, nimesimama peke yangu na kiganja usoni kama mtoto anayecheza kujificha, kisha nikaenda kuilaza ile rula dirishani nikafanya hivyohivyo. Nilijua. Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, nilijua kwamba aliyepinda ni mimi.

Sikumwita Winifred. Fundi akisema macho yake yameharibika, kesho mlango wake hauna mtu, na mimi sikuwa tayari kuwa mukecuru, kizee wa kuletewa uji. Zaidi ya hapo sikuwa tayari kumwambia mkaza mwana "nimekosa" wakati kwaya nzima ilishacheka upande wangu. Nikafunga kitambaa kichwani kilichoziba jicho la kushoto, nikawaambia watu nina kipandauso, nikashona hivyo mwaka mzima na miezi. Mlinipa pole. Nilizipokea.

Kisha na la kulia likaanza. Hili halikupinda, hili liliingiwa na tundu. Katikati ya kila nilichokitazama palikuwa na doa la kijivu, nikitazama sindano sindano haipo, nikitazama mtu ninaona masikio mawili na kofia na katikati hakuna mtu. Ili nikuone pua ilinibidi nikutazame sikio. Mlisema uzee umenitia kiburi, napita majirani bila salamu. Sikuwa naona sura. Niliharibu vitambaa vya watu, nikafunga chumba cha mbele, na ndipo wewe Peace ukanikokota hospitali.

Yule daktari, Lillian, simlaumu kwa lolote. Alisema ni ugonjwa wa uzeeni, kile kipande kidogo cha nyuma ya jicho tunachosomea na kutambulia watu ndicho kinachokufa, pembeni panabaki. Akasema la kushoto limeshakuwa kovu, halina dawa. La kulia akawa analichoma sindano kila mwezi, ndani ya jicho lenyewe, nami nikawa nakaa kimya maana nilijua kinachonichoma ni kingine. Halafu asubuhi moja mwezi wa tisa, mwaka jana, niliamka jicho limejaa giza. Damu imevuja nyuma yake. Daktari akasema tusipoitoa upesi hilo nalo kwaheri.

Wakaniwashia taa usoni, wakatoboa, wakatoa ule ute wa ndani ya jicho, wakasukuma damu, na mahali pake wakaweka povu la hewa yao maalumu ili likandamize mpaka pajishike. Kisha nikalala kifudifudi siku saba. Ninyi mliniona mgongo tu. Mimi niliona sakafu ya saruji, na hata hiyo sikuiona, niliona mwanga unacheza kama maji ya beseni. Nilikunywa uji kwa mrija kama ndama, nikazisikia ndege zikipita juu ya bati letu kwenda Kanombe, na kila mara nikakumbuka mkono wa daktari ulivyonifunga ule mkanda wa plastiki kwenye kifundo cha mkono.

"Mukecuru, huu mkanda usiuvue mpaka nikuambie. Hewa iliyo ndani ya jicho lako, ukipanda juu inatanuka. Ndege usipande."

"Ndege nazisikia tu zikinipita, daktari. Nani atanipandisha?"

"Basi hata milima. Byumba usiende, Musanze usiende, hata kwa msiba. Kaa Kigali mpaka povu liishe."

Aliniambia kwa Kinyarwanda, akarudia kwa Kiswahili. Kwa hiyo asiseme mtu sikuelewa.

Wiki ya nne povu likashuka. Niliuona mstari wake ukitembea jichoni kama maji kwenye chupa iliyoinamishwa, chini kunatetemeka, juu kumesafika. Na juu ya mstari ule nikaona. Kwanza niliona kitasa cha mlango. Kisha nikamwona Kalisa akiingia, mvi zote zile, nikasema, "Mwanangu, umezeeka lini?" mkacheka, mkapiga vigelegele, mkaita watu. Mliponiacha nikafungua sanduku nikatoa gauni moja la zambarau, lile la mfano, nje ya yale ishirini na mawili, ambalo Winifred alilishona kwanza na mimi sikulifumua, sijui kwa nini sikulifumua. Nikalitundika. Utepe ulishuka kutoka shingoni mpaka pindoni kama maji yanayomwagika. Fundi wa aina hiyo hamtamwona tena hapa Kabeza.

Na jioni hiyo Peace, bila kujua, ukasema umesikia Winifred anahama kule Byumba alikokwenda kuishi, Jumamosi anachukua mtoto wanakwenda Mbarara kwa kaka zake, hawarudi. Ilikuwa Jumatano. Simu sikumpigia hata moja tangu aondoke. Povu lilikuwa bado, na daktari hakuniahidi kwamba jicho litadumu. Alisema huenda miaka, huenda miezi. Nilitaka nimwombe nikiwa ninamwona usoni. Tusi nilimpa usoni. Sikutaka kuyaomba msamaha masikio mawili na kitambaa cha kichwa.

Alhamisi ulipokwenda kazini nikachukua moto ya abiria mpaka Nyabugogo, nikapanda gari la Byumba. Pale Gatsata nilikuwa mzima, natazama vibao vya maduka, nasoma herufi moja moja kama tajiri anayehesabu mbuzi wake. Milima ilipoanza, kitu kikaanza kujaza jicho kwa ndani, kama mtu anapuliza mpira na hataki kuacha. Nikatapika kwenye mfuko. Mama aliyekaa karibu yangu akamwambia dereva asimame.

"Mama mzee, tukushushe, urudi na gari linaloteremka?" kijana wa nauli akaniuliza.

"Umeona nimelipa nusu ya safari?" nikamjibu. "Endesha."

Ningeshuka pale, jicho lingepona. Daktari aliniambia hivyo baadaye, na nilikuwa ninajua kabla hajaniambia.

Nipe maji, Peace. Kidogo. Basi.

Winifred nilimkuta uani kwao, anafunga vyombo kwenye gunia. Jicho lilikuwa limebakiwa na kama dirisha dogo kwa juu, linafungwa pole pole kutoka pembeni, na kwenye dirisha hilo nikamwona. Amekonda. Vidole vile vimepasuka na rangi ya chai imeingia ndani ya mipasuko, maana alikwenda kuchuma chai Mulindi, sindano hakuishika tena. Kaze amerefuka, ana midomo ya baba yake.

"Karibu Mama," akasema. Akanitolea kiti. Ndivyo alivyo.

Sikukaa. Nikamwambia mshono wako ulikuwa umenyooka, ni macho yangu yaliyopinda, na lile neno lilikuwa uongo. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika sufuria. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi, baada ya operesheni. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, umepigwa pasi. Lakini alikuwa ananitazama, na nilikuwa nimepanda mlima wote ule ili nimwone akinitazama.

"Siku ya tatu," nikasema.

Akaiweka sufuria chini. "Siku ya tatu nilikuwa Gatsata, Mama. Kwa shangazi. Nilikaa pale mwezi mzima, kila simu ikilia nadhani ni wewe. Nilimwambia Kaze asifungue begi, bibi atatuita." Akafunga mdomo wa gunia. "Macho ningekusamehe siku ileile. Nani anachagua macho? Lakini siku ya tatu ulijua, ukakaa kimya miaka mitatu na nusu."

Huo uso ndio kitu cha mwisho jicho langu lilichokiona. Haukuwa na hasira. Ulinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuuliza njia, ukishamwelekeza basi. Kisha dirisha likafungwa na mimi nikaanguka. Ni yeye aliyenibeba, alitafuta gari, alinishika kichwa mpaka Kigali. Gari lilikawia. Hapakuwa na ubaya wa mtu. Lilikawia tu.

Sasa maagizo, na Kalisa usinijibu, utajijibu mwenyewe kanisani kwako, wewe mzee wa kanisa. Chumba cha mbele na cherehani zote mbili ni za Kaze. Mkataba nimeutia kidole, mwenyekiti wa mtaa anao. Nyumba iliyobaki gawaneni wewe na Peace, na atakayemwambia Kaze neno kuhusu kile chumba, ajue mimi nimekwisha kusema. Cherehani nyeusi, ile aliyokuwa anashonea Winifred, ipelekeni Mbarara, mmoja wenu aende kwa miguu yake, msiitume kwa basi. Winifred akiikataa, iacheni hapo hapo mlangoni, msibishane naye.

La pili. Kwaya ya Kagarama watakuja kuimba kwenye mazishi yangu. Wao walisikia tusi, wao ndio watakaosikia ukweli. Kabla ya jeneza kushuka, Kalisa, utasimama useme kwa sauti: mama yangu alimwita Winifred malaya, alisema uongo, na mshono wa Winifred ulikuwa umenyooka. Kwa maneno hayohayo. Usiyalainishe. Usiseme "palikuwa na kutoelewana". Najua unaona haya. Ona haya, usife nayo kama mimi. Na msinisifu. Asisimame mtu kusema nilikuwa mama wa wote.

Njooni karibu. Wekeni vichwa hapa, siwaoni, nataka kushika nywele. Huyu ni nani? Peace. Mungu akulinde macho, na akikunyima macho akupe mdomo wa kukubali upesi. Kalisa... Mungu akutoe hofu ya watu. Watoto wenu wasiwaogope kama mlivyoniogopa. Wakishona... wakilima... waachieni wawapite, na muwaambie. Imana, Mungu wetu, iwe nanyi. Na Kaze. Na yule.

Pumzi imebaki... Msiifunge hiyo simu.

Mnadhani nililipa jicho. Jicho daktari alilisema kwa maneno machache, damu ilizuiwa kuingia jichoni muda mrefu mno, halitaona. Nikasema sawa. Nililipa hivi. Winifred alikuwa amekaa hapo hospitalini, Kaze amesinzia begani mwake. Nikamwambia, Winifred, nisamehe. Kisha akasema, "Mama, sitaki kukudanganya ukiwa mgonjwa." Akanifunika miguu. Akamwamsha mtoto, wawahi basi lao.

Alisimama mlangoni. Jicho la kushoto, lile la kovu... linaona kivuli tu. Niliona kitu kirefu, cheusi, kimesimama kidogo. Katikati hakuna kitu. Alikuwa amegeuka ananitazama, au alikuwa amenipa mgongo... sijui. Sijui mpaka sasa.